Karo linajaa kila miezi mitatu: limekufa au limechoka?

Swali: Habari za kazi, injinia. Nyumba yangu ipo Tegeta, Dar es Salaam, tulihamia mwaka 2012. Karo la choo lilijengwa kwa tofali, mita 3.2 kwa 1.25, na maji husimama kwenye kina cha mita 1.5. Kwa miaka 11 tulikuwa watu 6 na hatukuwahi kuita gari la majitaka hata mara moja. Mwaka 2023 nikajenga banda la uani, wakaingia wapangaji 5. Tangu hapo, kila miezi mitatu maji yanapanda kwenye chemba. Fundi anasema karo limekufa, nijenge jipya. Jirani anasema nimwage hamira na magadi. Nimsikilize nani? Na karo huishi miaka mingapi?

Jibu: Ndugu yangu, hela ya karo jipya iache kwanza mfukoni. Karo lako nadhani ni zima. Kilichochoka ni shimo la kufyonza lililo nyuma yake, ambalo hukulitaja kabisa, na wala hushangazi, maana wengi hawakumbuki hata lilichimbwa wapi.

Karo zima huwa limejaa muda wote. Ikiingia ndoo moja ya maji, ndoo moja inatoka upande wa pili kwenda kwenye shimo la kufyonza. Uchafu mzito unazama na kuwa tope, mafuta yanaelea na kuwa utando, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Sasa tupige hesabu. Watu 11, tuseme kila mmoja anatumia lita 80 kwa siku, ni lita 880. Karo lako linabeba lita 6,000. Kwa hiyo gari likishaondoka, siku ya saba limejaa tena, na hapo hakuna tatizo lolote. Katika miezi yako mitatu zimeingia zaidi ya lita 79,000. Zimekwenda wapi? Ardhini. Shimo bado linanywa, ila limelemewa.

Limelemewa na wapangaji, ndiyo, lakini ugonjwa ulianza zamani. Mtu mmoja huacha tope la hadi lita 40 kwa mwaka. Watu 6 kwa miaka 11 ni lita 2,640. Karo hunyonywa tope na utando vikifikia theluthi ya kina, yaani kwako kama lita 2,000, na mstari huo mliuvuka mwaka wa tisa. Kuanzia hapo tope lilikuwa likisafiri na maji kwenda kuziba matundu ya udongo kwenye kuta za shimo. Watu hujisifu, "Sisi miaka kumi hatujaita gari!" Mimi nikisikia hivyo huwa nauliza shimo la kufyonza liko hali gani. Kwa watu 11 wa sasa, nyonya kila baada ya miaka minne.

Hakikisha hivi. Siku gari likimaliza kunyonya, usifunike haraka. Simama pembeni, umulike bomba la kutokea kwa tochi. Ukiona maji yanarudi kutoka kwenye shimo na kuingia ndani ya karo, jibu umelipata. Angalia pia kama bomba hilo lina T ya nchi 4 inayoshuka chini ya maji. Mafundi wengi huiruka, utando wote ukaenda na maji. Ni kipande cha bei ndogo kuliko safari moja ya gari. Ila ikitokea chemba ya karibu na nyumba imejaa huku maji ya karo yako chini ya bomba, basi bomba la kati limeziba. Hilo ni la kuzibua tu.

Tope hupimwa kwa mti mrefu uliofungwa taulo jeupe. Uzamishe taratibu mpaka sakafuni, subiri dakika tano, uchomoe. Weusi utakaoshika taulo ndiyo kimo cha tope. Ongeza na unene wa utando. Kwako, sentimita 50 ni mwisho.

Hamira ya jirani iwekwe kwenye maandazi. Vijidudu vya kuozesha vinaingia vyenyewe kila mtu anapokwenda chooni. Vinachoshindwa kuozesha ni pampasi, pedi na ule mchanga wa kusugulia masufuria. Jenga chemba ndogo ya kunasa mafuta ya jikoni, na tia rangi ya chakula kwenye tanki la kuflashi: ikionekana kwenye bakuli kabla hujaflashi, linavuja usiku kucha na shimo linanyweshwa bure.

Dawa yenyewe: nyonya karo lote mpaka tope la chini, si maji ya juu tu kama wanavyofanya wenye haraka. Kisha chimba shimo la pili la kufyonza, uweke chemba ya kugeuza maji kati ya mawili. La zamani likipumzika miezi kadhaa, ule utelezi ulioziba kuta huoza na nguvu hurudi kiasi.

Kuhusu umri, karo la tofali au zege lililopigwa plasta vizuri huvuka miaka 30. Shimo la kufyonza ukilitunza tegemea 15 hadi 20, na kwenye udongo wa mfinyanzi pungufu. Kinachonitisha kwenye makaro ya zamani ni mfuniko. Gesi hula zege kwa chini, nondo zikaota kutu, na juu huoni kitu mpaka gari au mtoto apite. Ukiona nyufa au michirizi ya kutu, badilisha. Na asiingie mtu ndani, hata karo likiwa tupu, hata akisema amezoea. Ile hewa huua kabla hajapiga kelele.

Chimba kiangazi, kabla ya vuli. Kitako cha shimo kibaki juu ya maji ya ardhini, na kama kuna kisima, chako au cha jirani, kaa nacho mbali mita 30.