Boti ya Perkins 6.354: je, vipuri vya trekta vitatosha?

SWALI: Mhandisi, ninasafirisha mizigo kati ya Mbita na kisiwa cha Mfangano, na nimeonyeshwa boti ya faiba ya futi 38 iliyoletwa kutoka Mombasa. Ina injini mbili za dizeli za ndani, Perkins 6.354, za miaka ya sabini. Muuzaji ananihakikishia kwamba vipuri si shida kwa kuwa ni vilevile vya trekta. Bei ni nafuu, lakini fundi wangu amezoea injini za petroli za kufungwa nyuma ya boti. Je, ninunue? Na zikinishinda, ninaweza kuweka mpya baadaye?

JIBU: Ndugu msomaji, muuzaji wako hakudanganya, ila amekueleza nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye gharama. Injini hiyo ina silinda 6 na ujazo wa inchi za ujazo 354, yaani takriban lita 5.8, na mbali na boti ilifungwa pia kwenye malori, trekta kubwa na mashine za kuvunia ngano. Ndiyo maana pistoni, ringi, beringi, gasketi na nozeli bado zaweza kutafutwa kwa wauzaji wa spea za mashine za kilimo Nakuru na Eldoret, na fundi mzuri wa pampu za dizeli hatashangazwa na pampu yake.

Trekta, hata hivyo, haina menifoldi ya moshi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) inayopozwa kwa maji. Haina kipozeo cha mirija ambamo maji ya ziwa hupoza maji ya injini, wala pampu ya kuvuta maji hayo, wala kiwiko ambamo maji huchanganyika na moshi kabla ya kutoka nje, wala giaboksi ya boti. Vifaa hivi huipata injini pale tu inapogeuzwa kuwa ya majini, na kwa injini ya umri huu huenda ukalazimika kuviagiza ng'ambo au kutafuta vilivyotumika. Menifoldi moja ikipasuka, boti yako inaweza kukaa ufukweni kwa miezi huku pistoni za trekta zikiwa zimejaa dukani. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia bei ya boti, pata bei ya vifaa hivyo kwa maandishi kutoka kwa mtu aliye navyo mkononi. Usipompata, umekwisha kupata sehemu kubwa ya jibu.

Kwa kuwa boti ilifanya kazi katika maji ya chumvi, usiridhike na rangi mpya. Kipozeo kifunguliwe, mirija itazamwe, na kile kiwiko cha moshi kivuliwe kabisa. Kiwiko kilicholiwa na kutu kwa ndani huruhusu maji kurudi kwenye silinda injini inapozimwa, na maji hayagandamiziki, hivyo ukiiwasha tena fimbo ya pistoni inaweza kupinda.

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi wa boti za pwani hulisahau, nami ningependa ulitilie maanani sana. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Injini ya dizeli isiyo na tabo ya kusukuma hewa hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, yaani karibu sehemu moja ya kumi ukifika hapa. Propela iliyochaguliwa kwa ajili ya bahari sasa inakuwa mzigo mzito: injini haifikii mizunguko yake, inatoa moshi mweusi na kupata joto kupita kiasi. Fundi asiyelijua hili atabadilisha nozeli bure. Dawa ni kupunguza mkunjo wa propela, yaani mlalo wa mapanga yake, na kurekebisha kiasi cha dizeli kwenye pampu, kazi isiyo ghali ikilinganishwa na kufungua injini nzima.

Siku ya kukagua, fika kabla injini hazijawashwa na uzishike kwa mkono. Ukizikuta na joto, rudi siku nyingine, kwa sababu ugumu wa kuwaka asubuhi ndio unaofichua silinda zilizochoka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto huashiria dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia ndani. Kisha peleka boti ziwani ikiwa na mzigo, uiendeshe kwa nguvu zote huku ukitazama joto na mizunguko ya kila injini peke yake, na ulinganishe na kiwango kilichoandikwa kwenye kibati chake. Kagua pia chujio la maji ya ziwa, maana gugumaji la Ghuba ya Winam huliziba haraka.

Ushauri wangu ni huu: lipia bodi la boti tu, na uhesabu thamani ya injini kuwa sifuri. Muuzaji akikataa hesabu hiyo, mwachie boti yake, kwa sababu fundi wako atajifunza dizeli kwa gharama yako.

Kuhusu kuweka injini mpya, inawezekana, lakini injini yenyewe ni sehemu tu ya bili. Vikalio vya injini, giaboksi, shafti, bomba la moshi na propela vitahitaji kubadilishwa au kurekebishwa, na uzito ukipungua boti inaweza kukaa vibaya majini. Ukiwaza kufunga injini mbili za petroli nyuma ya boti, wazo hilo nalo lina hatari yake, kwani ukuta wa nyuma wa boti ya injini za ndani huenda haukujengwa kubeba uzito na msukumo huo. Mpango wowote wa namna hiyo upeleke kwanza kwa wakaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, kabla ya kumlipa mtu kutoboa faiba.