Nina miaka, si "mimi ni" miaka

SWALI: Shikamoo Mama. Niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Watamu, na Kiitaliano najifunza kwa kitabu cha Kiingereza. Juzi mgeni aliniuliza umri nikamjibu "sono ventidue", akanitazama tu. Na nikisema "io piaccio il mare" wananisahihisha kila siku. Nakosea wapi?
Msomaji, Watamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kosa lako ni kupitia Uingereza wakati njia ya mkato unayo kinywani.

Mimi Kiitaliano nilikipata jikoni, Malindi, nikiwapikia watu wa nyumba moja. Watoto wakirudi pwani walipiga kelele mlangoni: "Ho fame! Ho sete!" Ho ni "nina". Nina njaa, nina kiu, vilevile tusemavyo sisi. Mwingereza ndiye husema yeye "ni" mwenye njaa, na "ni" wa miaka fulani. Mtaliano ana usingizi, ho sonno; ana haraka, ho fretta; ana miaka, ho ventidue anni. Hiyo "sono" yako ni "mimi ni", basi ulimwambia wewe ni ishirini na mbili.

Piacere nayo, kitenzi kinachozaa hiyo "piaccio" yako, usiitafsiri "kupenda". Ni kupendeza. "Io piaccio" maana yake mimi napendeza, na bahari umeiacha inaning'inia. Sema "mi piace il mare", bahari yanipendeza. Ile mi ndiyo -ni- yetu. Tambi zikiwa nyingi kitenzi kinazifuata, "mi piacciono gli spaghetti", tambi zanipendeza. Wanaoanzia Kiingereza huhangaika sana hapa, wewe hukupaswa.

Kwa kazi yako shika na haya: camera ni chumba, si kamera. Mgeni akisema anakuja na parenti, ni jamaa zake, pengine binamu na mashangazi. Wazazi ni genitori. Muulize ni wangapi kabla hujagawa vitanda.

Kiswahili hakitakusaidia kwenye jinsia. Mano, mkono, laishia na o kama maneno ya kiume, lakini husemwa "la mano", ni neno la kike. Hayo ni ya kukariri, kila jina na kitangulizi chake, kama hiyo "la".

Na anni, tafadhali, kaza n mbili, ulimi utulie kidogo nyuma ya meno. Ukitamka n moja umetaja sehemu ya mwili ambayo haitajwi mapokezi.