Dawa badala ya kufyeka nyasi za kando ya barabara

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuacha kufyeka kabisa na kutegemea dawa za kuua magugu kando ya barabara. Kwa maoni yangu, dawa inafaa pale ambapo mashine haifiki vizuri, yaani kuzunguka nguzo za alama, chini ya vizuizi vya chuma na kwenye nyufa za ukingo wa lami, lakini si kwenye mteremko mzima. Glifoseti, dawa ya kuua magugu inayotumika sana, huua karibu kila mmea wa kijani inaougusa, na nyasi zikishakufa mizizi yake haishiki tena udongo. Mvua kubwa huchimba vifereji kwenye bega la barabara, kisha huanza kuila lami kutoka chini. Iwapo kinachokusumbua ni magugu ya majani mapana, tumia dawa teule kama 2,4-D, ambayo huacha nyasi nyingi zikiwa hai.

Jambo linalopuuzwa mara nyingi ni maji ya kuchanganyia. Maji yenye tope hupunguza nguvu ya glifoseti, kwa kuwa dawa hiyo hunata kwenye chembe za udongo, na muuzaji hulaumiwa bure. Vilevile, usirudie kupuliza eti kwa sababu siku ya tatu majani bado ni ya kijani. Rangi ya manjano huja taratibu, na kukauka kabisa huweza kuchukua hadi wiki 2. Epuka siku za upepo, kwani ukungu wa 2,4-D ukipeperuka huyakunja majani ya nyanya, pamba na mizabibu ya jirani.