Ulaya hakuna anayepanga bei ya bando, wanachodhibiti ni vitu vingine (uzoefu wangu wa duka la simu Ujerumani)

Wakuu habari za muda huu. Nimeusoma uzi wote, mleta mada anauliza kwa nini TCRA (mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania) isifanye kama Ulaya ambako "serikali inapanga bei za bando" mpaka mtu anazunguka nchi kumi na laini moja bila kukatwa hela, na wachangiaji wengi mmekubali kwamba huko ndivyo ilivyo. Mimi nipo Aachen, Ujerumani, miaka mingi nauza laini na mikataba ya simu kwenye duka dogo karibu na stesheni, tunauza za kampuni zote, kwa hiyo hizi sheria nakutana nazo kila siku kwenye makaratasi na kwenye malalamiko ya wateja. Ukweli ni kwamba bei ya bando la mwezi hakuna mtu wa serikali anayeipanga, kampuni inajipangia yenyewe. Wanachobana ni vile vitu vilivyo nyuma ya ile bei ambavyo mteja havioni kabisa, na hapo ndipo nadhani tunapaswa kuangalia.

Romingi, yaani kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine, ni karibu sehemu pekee ambako wameshika bei ya mteja moja kwa moja. Aachen iko mpakani, ukipanda basi mjini kidogo tu uko Vaals ambayo ni Uholanzi, na Ubelgiji iko hapo hapo upande mwingine. Sasa mawimbi ya mnara hayajui mpaka, kuna mitaa ya upande ule umekaa sebuleni kwako Ujerumani lakini simu imeshika mnara wa Mholanzi, na zamani hiyo ilikuwa hela, yaani ukipiga unalipa na ukipigiwa unalipa pia. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya, kwa pendekezo la Tume ya Ulaya wakati huo kamishna akiwa Viviane Reding, ukaweka ukomo wa senti 49 za euro kwa dakika ya kupiga na senti 24 ya kupokea kabla ya kodi, halafu ukawa unashushwa kidogo kidogo. Data ikawekewa ukomo 2012, senti 70 kwa MB moja, narudia MB moja sio GB, na huo ndio ulikuwa unafuu! Tarehe 15 Juni 2017 ndipo ikaanza kutumika sheria kwamba ndani ya Umoja wa Ulaya unatumia bando lako kama uko nyumbani, na sheria hiyo imeshaongezewa muda mpaka 2032.

Lakini kwa nini walichukua miaka kumi wakati wangeweza kufuta siku moja? Kwa sababu ya bei ya jumla. Ukienda Hispania kampuni yako ya Ujerumani inakuwa inakodi mtandao wa Mhispania, na yule Mhispania anamtoza kwa kila GB uliyotumia, sasa ukiilazimisha kampuni ikuuzie bei ya nyumbani huku yenyewe inakodi kwa bei ya juu unaiua, hasa zile ndogo zisizo na minara yao. Kwa hiyo walichodhibiti kwa nguvu ni hiyo bei ya jumla, ukomo ulianza euro 7.70 kwa GB mwaka 2017, mwaka 2022 ukashuka mpaka euro 2, mwaka 2025 euro 1.30, na 2027 unafika euro 1. Mteja wa rejareja hajui hata kama namba hizi zipo, ila bila hizo lile neno "bure" lisingedumu hata mwaka.

Na sio bure ya kujiachia. Kila muhula wanakuja wanafunzi na laini za Poland au Lithuania kwa sababu kule ni bei chee, wanaishi nazo hapa moja kwa moja, halafu siku moja wanakuja dukani wananionyesha meseji inasema una siku 14 za kujieleza. Kampuni inaruhusiwa kukuangalia kwa miezi minne, ikiona umekaa nje na kutumia nje kuliko nyumbani inaweza kuanza kukutoza nyongeza. Nawaambia ukweli, hapo kampuni haijakosea, sheria ni ya wasafiri.

Kingine kinachoumiza ni Uswisi. Norway, Iceland na Liechtenstein hazimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini zimo kwenye mpango wa romingi, Uswisi haimo. Kuna mama mmoja mteja wetu, Mkongo wa Bukavu, alienda Zürich kwenye harusi ya ndugu akawa anapiga simu kama kawaida yake, bili iliyokuja aliileta imekunjwa mara nne mkononi na alikuwa anatetemeka. Data huwa ina breki, ukifika takriban euro 50 kwa mwezi kampuni inatakiwa ikusimamishe mpaka ukubali mwenyewe kuendelea, ila dakika za kupiga hazina breki hiyo. Tuliandika barua, wakampunguzia kiasi, lakini kisheria hakuwa na haki ya kudai, na hilo mpaka leo naona ni pengo kubwa.

Sasa twende kwenye kitu ambacho kwa nyumbani naona kina maana kuliko romingi, nacho ni gharama za mwingiliano wa mitandao. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine kampuni yako inailipa kampuni yake kwa kila dakika ili simu ipokelewe kule. Kila kampuni ina ukiritimba kwa wateja wake, maana huwezi kumfikia huyo mtu kwa njia nyingine, kwa hiyo ikiachwa itatoza inavyotaka na wewe ndiye utakayelipa. Ulaya wameweka ukomo mmoja kwa nchi zote, senti 0.7 kwa dakika mwaka 2021, na kuanzia 2024 ni senti 0.2. Matokeo yake bando la huku halina habari ya mtandao huu na mtandao ule, dakika ni dakika, na sijaona mtu anatembea na laini tatu mfukoni ili apige simu rahisi kwa kila ndugu. Mnaolalamikia bei ya kupiga mitandao mingine anzieni hapo, msianzie kwenye bei ya bando.

Kuhusu masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo simu na data hupitia. Masafa ni kama viwanja vya katikati ya mji, haviongezeki, na mwenye navyo ndiye anayejenga. Mwaka 2000 Ujerumani ilipiga mnada masafa ya 3G pale Mainz ikavuna mark bilioni 98.8, karibu euro bilioni 50, Uingereza nayo mwaka huo huo pauni bilioni 22 na ushee. Hazina ilishangilia. Lakini walioshinda Ujerumani walikuwa sita, kila mmoja alilipa zaidi ya euro bilioni 8 kwa karatasi tu kabla ya kusimamisha mnara hata mmoja, na wawili kati yao, Mobilcom na Quam, hawakufika popote, leseni zikarudi. Hela ile ingeweza kuwa minara. Mimi nasema wazi kwamba mnada wa bei kubwa ni kodi ya mteja iliyofichwa, au tuseme ni kodi ya yule anayekaa kijijini, kwa sababu mjini watajenga tu.

Ndiyo maana siku hizi kinachopiganiwa ni masharti. Mdhibiti wa huku anaitwa Bundesnetzagentur, yuko Bonn, anasimamia pia umeme, gesi, posta na reli. Mnada wa 5G wa 2019 uliingiza euro bilioni 6.55 baada ya raundi 497, ukaja na sharti la kufikisha kasi ya megabiti 100 kwa sekunde kwa asilimia 98 ya kaya ifikapo mwisho wa 2022. Soma tena hapo wakuu: KAYA, sio eneo. Mimi nikitoka Aachen kwenda Monschau, huko kwenye vilima vya Eifel, basi likiingia msituni simu inakufa, inarudi ukifika kijijini, inakufa tena, na kwenye ripoti kampuni imetimiza sharti kwa sababu msituni hakuna kaya. Ukipata ajali barabarani hapo unafanyaje? Mwaka 2025 mdhibiti akaamua kutopiga mnada, akawaongezea kampuni muda wa masafa yao kwa miaka mitano kwa sharti kwamba kuanzia 2030 kila kampuni ifikishe megabiti 50 kwa asilimia 99.5 ya ENEO la nchi. Ufaransa walishafanya kitu cha aina hiyo tangu 2018, wakasamehe hela za mnada ili kampuni zijenge vijijini. Tukisikia TCRA inagawa masafa, tusiulize tu serikali imepata bilioni ngapi, tuulize sharti limeandikwa kwa watu au kwa eneo.

Halafu kuna uhuru wa kuondoka, ambao mimi kama muuzaji nauona unavyofanya kazi. Kuhama na namba yako zamani hapa Ujerumani kampuni unayoiacha ilikuwa inakutoza karibu euro 30, mdhibiti akaishusha mpaka euro 6.82 mwaka 2020, na tangu Desemba 2021 ni bure kwa sheria, tena wakichelewesha kuhamisha namba unadai euro 10 kwa kila siku ya kazi. Sheria hiyo hiyo ikafuta mtego mwingine, zamani mkataba wa miaka miwili ukisahau kuuvunja miezi mitatu kabla unajirudia mwaka mzima, watu walilia sana kwenye kaunta yetu, sasa miaka miwili ikiisha unaondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Tangu hapo nimeona kampuni zenyewe zinampigia mteja kumpa bei nzuri kabla hajaondoka, kitu ambacho hakikuwepo.

Na bila mshindani uhuru huo hauna kazi. Ufaransa walikuwa na kampuni tatu kubwa, mdhibiti wao ARCEP akatoa leseni ya nne, Januari 2012 kampuni mpya ya Free ikaingia na ofa ya euro 19.99 na nyingine ya euro 2, wale watatu ikabidi washushe. Hakuna waziri aliyetangaza bei hapo. Kwa hiyo kampuni mbili zikitaka kuungana kwetu, huo ndio wakati wa kupiga kelele, sio miaka mitatu baadaye bando likishapanda.

Yule aliyeuliza anakuja Paris mwezi ujao anunue laini gani: nunua yoyote ya Ufaransa, itafanya kazi mpaka Ujerumani na Italia, ila soma kiasi cha GB cha kutumia nje ya Ufaransa maana kwenye mabando makubwa huwa ni kidogo kuliko cha ndani. Ukipita Uswisi zima data kabla treni haijavuka mpaka na usipokee simu ovyo. Uingereza nayo tangu itoke Umoja wa Ulaya kampuni hazibanwi tena na sheria hii, kwa hiyo angalia masharti ya laini yako kwanza. Pasipoti usiisahau ukienda kununua, watakuomba.