Unaanza kusoma utawala wa China? Neno "mji" lisikuchanganye

Nyie mnaokuja kusoma jiografia au mambo ya utawala huku China, kuna kitu kilinisumbua sana semista ya kwanza, nawapa mapema. Kwenye asaimenti niliandika Chongqing ndo mji mkubwa kuliko yote duniani, watu milioni 32, sensa ya 2020, nikaweka na chati. Mwalimu akazungushia duara jekundu lile neno "mji" basi, hakuandika kingine, ikabidi nimfuate.

Namba hakubishia. Ila hiyo Chongqing ya sensa ina kilomita za mraba elfu 82 na ushee, yaani zaidi ya mara tatu ya Rwanda nzima, ndani yake mna milima, mashamba ya mpunga na vijiji kibao, na mkulima wa machungwa kule Fengjie anahesabiwa mtu wa Chongqing sawasawa na anayekaa ghorofani Shapingba, wilaya ya mjini kabisa. Ni mkoa kabisa, jina tu ndo la mji.

Kwa nini? Tangu 1954 ilikuwa chini ya mkoa wa Sichuan, na Sichuan ilishakuwa na watu zaidi ya milioni 100. Likaja bwawa la Three Gorges kwenye mto Yangtze, zaidi ya watu milioni moja wakawa wa kuhamishwa na wengi wao wako upande huo, basi 1997 wakaitoa Chongqing pamoja na maeneo jirani ya Wanxian, Fuling na Qianjiang, ikawa inasimamiwa na serikali kuu moja kwa moja. Iko sawa na Beijing, Shanghai na Tianjin, ni hiyo minne tu. Hata ukijaza anwani utaliona, kwenye kisanduku cha mkoa unaweka Chongqing, cha mji Chongqing tena, halafu ndo wilaya.

Hapo kwenye wilaya wengi wanateleza jamani. Sichuan, kati ya mkoa na wilaya kuna ngazi nyingine, Shanghai hakuna, kwa hiyo wilaya ya Shanghai cheo chake kiko juu kuliko wilaya ya Sichuan, ukizilinganisha moja kwa moja umeshakosea kabla hujaanza hesabu. Fungua ramani kwanza, angalia chini ya huo mji kuna ngazi gani, ndo uchukue data.

Ukihamia nchi nyingine rudia zoezi lile lile. Vietnam kufikia 2025 ilikuwa na miji sita ya hadhi hiyo ya kusimamiwa na serikali kuu moja kwa moja, Hue imeingia Januari 2025, na Julai mwaka huo huo wakafuta ngazi ya wilaya nchi nzima, kwa hiyo majedwali ya zamani ya wilaya yasome kwa uangalifu. Kinshasa nayo ni mji na ni mkoa, ina gavana na komini 24 (yaani maeneo madogo ya utawala ndani yake), na komini moja tu, Maluku, imechukua sehemu kubwa ya ardhi yote na nyingi ni mashamba na pori. Ukigawa watu wote wa Kinshasa kwa eneo lote, utapata jibu ambalo mtu anayebanana sokoni Gambela hatalielewa kabisa.