Upepo umemeza maneno ya fundi

SWALI: Nafundisha vijana filamu za maisha ya kwao. Walimrekodi fundi wa majahazi Matondoni kwa simu. Upepo tu ndio unaosikika. Tufanyeje?
Mwalimu, Lamu

JIBU: Mwalimu, kosa ni umbali. Simu ikiwa mita 3, upepo humshinda msemaji. Mbandikeni fundi maikrofoni ndogo kifuani, shubiri moja chini ya kidevu, yenye kifuniko cha manyoya. Kifuniko cha sponji pekee hakiuzuii kusi, upepo mkali wa kusini. Mketisheni demani ya chombo, upepo usikofika. Kijana mmoja avae hedifoni muda wote, maana maneno yaliyomezwa hayarudishwi kwenye uhariri. Kisha rekodini sauti ya nyundo na msumeno peke yake, sekunde 60, za kuzibia mikato, yaani pale vipande vya filamu vinapounganishwa. Na fundi aombwe idhini kwanza, kamera ikiwa bado mkobani.