Kukunja, kuweka na kutumia kigari cha kutembelea: jibu kwa anayemuuguza mama

Pole na kuuguza, ndugu yangu, na mfikishie mama salamu zangu. Umeeleza kwamba kigari chake cha magurudumu manne, kile cha kusukuma mbele yako unapotembea, chenye breki na kiti cha kupumzikia, kilimponyoka alipotaka kukikalia, kwamba nyumba ni ndogo na hamjui mkiweke wapi, na kwamba kila safari ya gari mnahangaika kukikunja hadi umebanwa vidole. Mimi ni mtumiaji. Tangu nilipofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo miguu yangu haikurudi kuwa na nguvu ya zamani, na kigari ndicho kinachonitoa chumbani na kunifikisha ninakokwenda. Nakujibu kutokana na ninayoyafanya kila siku.

Nianze na jambo linalobeba mengine yote. Ukiwa unatembea, kigari hiki ni salama kuliko kinavyoonekana. Kwa uzoefu wangu, hatari nyingi ziko pale unapoacha kutembea: kukaa, kuinuka, kukunja, kukunjua, kuingia garini. Kwa hiyo kukunja na kuweka unavyoviuliza si mambo ya nafasi tu, ni sehemu ya usalama wa mama.

Lililompata mama linatokana na breki. Breki za vigari vingi hufanya kazi mbili, na mara nyingi mtu huonyeshwa moja tu siku anayokabidhiwa. Ukivuta mkono wa breki juu kuelekea kwenye kishikio, kigari kinapunguza mwendo au kinasimama, lakini ukiachia tu magurudumu yanazunguka tena. Ukiusukuma mkono huohuo chini mpaka usikie mlio wake, magurudumu ya nyuma yanafungwa na kubaki yamefungwa hata ukiondoa mikono. Kwa ulivyosimulia, mama alivuta, kigari kikasimama, akaachia ili ageuke. Hapo hakuna cha kukizuia. Mfundishe kusukuma chini, pande zote mbili, kisha akisukume kidogo mbele kukijaribu kabla hajageuka. Upande mmoja ukifungwa na mwingine ukasahauliwa, kigari kinazunguka, na hilo ni baya kuliko kusahau kote kwa sababu mtu amejiaminisha.

Baada ya breki kufungwa, ageuke kwa hatua fupifupi, asizungushe mwili juu ya mguu mmoja. Arudi nyuma hadi asikie ukingo wa kiti umegusa miguu, apeleke mikono kwenye vishikio, ndipo ashuke polepole. Pakiwa na ukuta karibu, kigari kiegemezwe ukutani kwanza. Kwenye sakafu laini, hasa ikiwa na maji, magurudumu yaliyofungwa yanaweza kuteleza yote kwa pamoja bila kuzunguka, na ukuta unalimaliza tatizo hilo. Na akiwa amekaa, mtu yeyote asimsukume, hata kwa hatua chache. Kiti kile ni cha kupumzikia. Miguu haina pa kuwekwa, ikigusa chini inaburutwa nyuma na kigari kinapinduka. Nimewaona watu wenye mapenzi mema kabisa wakiwasukuma wazee wao hivyo, na sitachoka kulikemea.

Kuinuka kutoka kitandani au kwenye kochi kuna kosa lake: mtu hushika vishikio vya kigari na kujivuta. Kigari ni chepesi kuliko yeye, kitamfuata. Ajisukume kwa mikono kutoka kwenye kochi, asimame wima, atulie kidogo kizunguzungu kikiwepo kipite, ndipo ashike kigari kilichokwisha kufungwa breki mbele yake.

Sasa kukunja. Kuna aina mbili kubwa, na ukijua ya mama ni ipi umemaliza nusu ya kazi. Ya kwanza hukunjwa kwa upande: vyuma vyake vya chini vimepishana kama mkasi, kiti ni cha kitambaa au laini, na katikati ya kiti kuna mkanda. Unafunga breki, unatoa vyote vilivyomo kwenye mfuko au kikapu, unashika mkanda huo wa katikati na kuuvuta juu moja kwa moja. Pande mbili zinakutana. Usisaidie kwa kusukuma vyuma kutoka chini, hapo ndipo vidole vinapobanwa. Mkono mmoja kwenye mkanda, mwingine juu kwenye kishikio, basi. Aina ya pili hukunjwa mbele na nyuma: kiti ni kigumu, unakiinua kwanza, chini yake utakuta chuma cha kuvuta au kibonyezo, ukikivuta miguu ya mbele inakuja kukutana na ya nyuma. Hii hubaki pana ikishakunjwa, ila inakuwa nyembamba ukiitazama kwa ubavu. Zote mbili mara nyingi huwa na kifungo au ndoano ya kuzuia kigari kisijifungue chenyewe. Kitafute na ukitumie. Kigari kinachofunguka mikononi wakati unakinyanyua kinaumiza mgongo na vidole kwa pamoja.

Kigari kikigoma kukunjika usitumie nguvu. Mara nyingi ni kitu kimebaki kwenye mfuko, au egemeo la mgongo limewekwa kinyume, au kikapu cha mbele kilitakiwa kutolewa kwanza.

Kukunjua ndiko kunakoniogopesha zaidi kuliko kukunja, na ndiko watu wanakokuharakisha, kwa kuwa mgonjwa amesimama anasubiri. Asisubiri amesimama. Aketi mpaka kigari kiwe tayari. Kwa kile cha upande, unatoa kifungo, unatanua vishikio, kisha unaweka viganja wazi juu ya vyuma viwili vya pembeni mwa kiti na kubonyeza chini mpaka usikie kimeingia. Viganja wazi, nimesema, vidole visizunguke chuma. Halafu funga breki, bonyeza vishikio kwa uzito wako mwenyewe, tikisa. Kigari kilichofunguka nusu kinaonekana sawa kabisa kwa macho, na kitamshusha chini mara tu atakapokiegemea. Kwa sababu hiyohiyo sipendi ile mbinu ya kukikunja kidogo ili kipenye mlango mwembamba huku mtu anakitegemea. Vigari vingi vina upana wa kati ya sentimita 60 na 70, na milango ya vyoo mara nyingi haifiki hapo. Pima mlango. Kama mlango hautoshi, wekeni chuma cha kushika ukutani kwa sehemu hiyo, au muulizeni mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) juu ya kigari chembamba cha ndani.

Kuhusu mahali pa kukiweka, jibu langu huenda lisiwe unalolitarajia: ndani ya nyumba, kwa mtu anayekihitaji kila anaposimama, kisikunjwe hata kidogo. Usiku kikae kimefunguliwa, breki zimefungwa, upande ule anaoshukia kitandani, mahali mkono wake unapofika bila kujinyoosha. Mkikikunja na kukisimamisha nyuma ya mlango ili chumba kipendeze, ataamka saa nane usiku kwenda chooni akishika kuta. Ondoeni meza ndogo, ondoeni kapeti na mikeka inayokunjamana, kigari kibaki. Nafasi ipatikane kwenye vitu ambavyo havimzuii kuanguka.

Kinachokunjwa ni kile cha safari, au kikiwa hakitumiki kwa muda. Hicho kiwekwe pakavu, mbali na jua kali na jiko kwa ajili ya mpira wa magurudumu na vishikio, na kisiwe njiani wala juu ya ngazi. Kisitundikwe kwa waya za breki wala kulazwa juu yake. Waya ikipinda kwa ndani breki inakuwa nzito au haikamati, na hutaona alama yoyote kwa nje. Kikikaa muda mrefu bila kutumika, achia breki ili kibao chake, kile kipande kinachobana gurudumu, kisiendelee kuukandamiza mpira mahali pamoja. Ukikirudisha kwenye kazi, anza kwa kuzijaribu.

Safari ya gari ina mpangilio mmoja tu: mama kwanza, kigari baadaye. Gari lisimame mbali kidogo na ukingo wa barabara, aweze kusimama pasipo kupanda wala kushuka. Afike karibu na kiti, breki zifungwe, ageuke hadi miguu iguse kiti, ashike sehemu ya gari isiyosogea. Mlango si mahali pa kushika, unacheza. Akishaketi na kuingiza miguu ndipo ukunje. Vigari vya alumini vingi vina uzito wa kilo 6 hadi 9 hivi, vya chuma huzidi, vya nyuzi za kaboni vinaweza kushuka hadi 5 hivi. Mikono iwe kwenye fremu, usishike mkanda wala waya, piga magoti kidogo, kiwe karibu na kifua unapokiingiza. Kwenye buti kilale ubavu, breki zikitazama juu, pasiwekwe mzigo juu yake. Kikilazimika kukaa ndani na abiria, kifungwe mkanda wa kiti: breki ya ghafla inakifanya kiruke. Mkifika, mambo yanageuka: kigari kitoke, kikunjuliwe, kijaribiwe na kufungwa breki mlangoni pake kabla hajatoa mguu nje.

Urefu wa vishikio hukuuliza, lakini tafadhali uangalie leo. Mama asimame wima akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ining'inie. Vishikio viwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akivishika kiwiko kipinde kidogo tu. Vikiwa juu sana mabega yanapanda na mikono haina nguvu ya kushika breki, vikiwa chini anainama na kigari kinamkimbia. Pande zote ziwe kwenye tundu moja, skrubu zikazwe. Akitembea, awe ndani ya kigari, kati ya magurudumu ya nyuma, asikisukume mbele kwa mbali na kukifuata ameinama.

Mfuko wa vitu uwe chini, kwenye kikapu. Mizigo inayoning'inia kwenye vishikio inavuta upande mmoja na kukipindua. Kwenye mteremko ashuke moja kwa moja akiminya breki kidogokidogo, asikate kwa ubavu. Ukingo wa barabara asiuvamie kwa mwendo: asimame mbele yake, aminye breki, anyanyue magurudumu ya mbele kwa kubonyeza vishikio, kisha aingize ya nyuma. Hilo alifanye akiwa amefundishwa na mtu yupo karibu. Ngazi na ngazi za umeme ni mwiko. Baada ya mvua breki hukamata kwa ulegevu mpaka magurudumu yakauke. Mlango unaofunguka kumwelekea, asimame pembeni yake, kwa sababu kigari hakipendi kurudishwa nyuma.

Kila wiki kipindue uangalie ekseli, yaani chuma ambacho gurudumu hukizunguka. Nywele na nyuzi za kapeti hujizungusha hapo na kulifanya gurudumu kuwa zito. Kata kwa mkasi mdogo. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha kukisafishia, kisha kikaushwe. Mafuta yasikaribie mpira wala kibao cha breki. Jaribio la breki ni jepesi: zifunge, sukuma. Gurudumu la nyuma likizunguka, waya imelegea. Karibu na ncha ya waya kuna nati ndogo ya kurekebishia, izungushe kidogo na ujaribu tena. Ukiachia breki na gurudumu bado linasugua, umekaza mno. Kibao cha breki kikiwa kimeliwa, hakuna nati itakayosaidia, kibadilisheni.

Kuna jambo moja ambalo kukunja vizuri hakulitatui. Kigari cha magurudumu manne ni cha mtu anayeweza kujibeba lakini anayumba au anachoka upesi. Kama mama anakilalia kwa uzito wake wote, au ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga na haruhusiwi kukanyagia mguu, fremu ya kutembelea isiyo na magurudumu au yenye mawili ya mbele inaweza kumfaa zaidi. Mwenye ugonjwa wa Parkinson (unaotetemesha na kukakamaza mwili) ambaye hatua zake hujikimbilia zenyewe anahitaji kupimwa mahususi, maana kipo kigari ambacho breki zake hushika zenyewe na huachia tu anapozishika. Soma pia kibandiko cha uzito kwenye fremu. Vingi vya kawaida hubeba hadi kilo 130 hivi, vingine chini ya hapo.

Mama akiona haya kutoka nacho, mwambie kwamba kigari cha aina hii kilibuniwa mwaka 1978 na mwanamke wa Uswidi, Aina Wifalk, ambaye mwenyewe aliugua polio na kuishi na ulemavu wa miguu. Kimetoka kwa mtu aliyekihitaji. Mimi habari hiyo ilinipa moyo kuliko maneno mengi ya faraja.

Kwa sasa, mfanyieni zoezi la kufunga breki na kukaa, kigari kikiwa kimegusa ukuta na wewe ukiwa ubavuni mwake, mpaka mikono yake ilifanye bila kuambiwa. Halafu rudi hapa utuambie kigari kinakunjwa kwa upande au mbele na nyuma, mlango wa choo una upana gani, na kama breki zote mbili zinakamata sawasawa. Ukiweka na picha ya ule mkono wa breki, nitakuonyesha nati ya kurekebishia iko wapi.